Tangi la Hakimu

Jumamosi, tarehe saba Machi. Asubuhi hiyo jua lilichomoza kali baada ya wiki nzima ya manyunyu, na upepo ulikuwa wa wastani, wa kukausha shuka bila kuirusha matopeni.

Kwa watu wengine hiyo ni hali ya hewa tu. Kwa Baba Mapacha, aliyeanza kazi ya udobi kabla hajaota ndevu, lilikuwa jibu la sala. Wiki nzima nguo za watu zilikuwa zimening'inia ndani ya nyumba yake, sebuleni, koridoni, hata juu ya kitanda, kama wageni waliokataa kuaga. Alisimama uani, akamshukuru Mungu kwa maneno machache, akakunja mikono ya shati na kuyaingia mabeseni.

Mkewe, Mama Mapacha, alikuwa anajiandaa kwenda kusukwa kwa mdogo wake, ambaye ni msusi katika mtaa wa pili. Pacha wao walikwisha kuoa na kuhama zamani, lakini majina hayo mawili yalibaki, na hapo mtaani hakuna aliyewaita kwa majina mengine.

"Hakimu nimeshampa chakula chake," alisema mlangoni, akifunga kitambaa kichwani. "Mwache tu alivyo."

"Nisipomwacha nitamfanya nini? Mimi na huyo mheshimiwa wako hatuna mazungumzo."

"Nimekuambia tu, Baba Mapacha."

"Nimesikia, mama. Nenda ukapendeze."

Hakimu alikuwa samaki. Samaki mdogo wa rangi ya chungwa, mwenye baka jeupe mgongoni, aliyeishi katika tangi la kioo juu ya meza ndogo, kando ya pazia lililotenga sebule na chumba cha kupigia pasi. Alikuwa wa mteja mmoja aliyehama. Siku ya kuja kuchukua mashati yake ya mwisho, mteja huyo alifika amekumbatia tangi, akasema gari la mizigo halina nafasi ya maji. Akamweleza Mama Mapacha namna ya kumtunza: kila wiki utoe jagi moja tu la maji ya zamani, uongeze jagi moja la maji yaliyolala kwenye ndoo. Usizidishe.

Mama Mapacha aliyashika maneno hayo kama anavyoshika sala ya asubuhi. Baba Mapacha naye aliyasikia, maana alikuwa papo hapo akikunja mashati, ila yaliingia sikio hili yakatokea sikio lile. Jagi moja! Kwa dobi, huko si kuosha. Huko ni kumlowesha mgonjwa midomo.

Jina alipewa na mkewe. "Mtazame," alisema. "Ametulia katikati, anakutazama usoni, anakusikiliza mpaka mwisho wala hakukatizi. Mahakimu ndivyo wanavyotakiwa kuwa." Tangu hapo, kila jioni akirudi kutoka darasa la watu wazima, Mama Mapacha aliketi mbele ya tangi, na kutoka nyuma ya pazia Baba Mapacha alisikia sauti yake ikinong'ona kwa muda mrefu. Alidhani anasengenywa kwa samaki. Mara nyingine alishikwa na wivu, wivu wa kipuuzi ambao mwanamume hawezi kuutaja hata akiwa peke yake na Mungu wake, akanyoosha mkono na kuongeza sauti ya redio.

Siku hiyo kamba zote uani zilikuwa zimejaa mapema. Nguo nyeupe upande wa jua, za rangi upande wa kivuli, vibanio vimepangwa kama meno. Hakukuwa na kilichobaki kufuliwa. Aliingia ndani kunywa maji, na mwanga wa dirishani ulikuwa umelipiga tangi sawasawa. Ndipo alipoona. Maji yalikuwa na ukijani hafifu. Kioo kilikuwa na utelezi. Kokoto zilikuwa zimeota kitu kama manyoya.

"Maskini," alijisemea. "Mke wangu anampenda huyu kiumbe, na kiumbe anaishi ndani ya maji ya soksi."

Akawaza uso wa mkewe atakaporudi. Ilikuwa imepita miaka hajafanya jambo likamfanya mkewe asimame mlangoni na kusema "Ah!" Mawazo hayo yalimpa nguvu kuliko uji. Akamchota Hakimu kwa bakuli, akamweka kwenye beseni la maji safi ya bomba, na kuanza kazi.

Alifanya yote aliyoyajua, na aliyajua mengi. Kokoto alizichemsha kama taulo za hospitali, akazitia dawa ya madoa, akazisugua moja moja. Majani ya maji aliyang'oa na kuyatupa mtaroni, kwani aliona haya hata kuyatazama. Sponji ya pampu ya kuchujia maji ilikuwa nyeusi. Aliikamua kwenye sabuni mpaka ikawa ya rangi yake ya dukani. Kioo alikisugua kwa sabuni ya unga ndani na nje, akakisuuza, akakisuuza tena, halafu akakisuuza mara ya mwisho kama anavyosuuza mashuka ya maharusi. Kisha akajaza maji mapya kutoka bombani, yote, mpaka ukingoni. Tangi liling'aa hata ungesahau kwamba lipo. Ungesema maji yamesimama yenyewe juu ya meza.

Akamrudisha Hakimu. Samaki akaenda mbio upande huu, akageuka, akaenda mbio upande ule.

"Umeona?" Baba Mapacha alimwambia. "Hukujua kama nyumba yako ina madirisha."

Alikaa akimtazama, akitabasamu. Hakimu akapanda juu, akaweka mdomo kwenye uso wa maji, akawa anaufungua na kuufunga haraka haraka. Baba Mapacha alidhani anashukuru. Kisha samaki akainama upande mmoja, akajinyoosha, akainama tena. Mwanamume akainuka. Akagonga kioo kwa kucha. Akaita, "Hakimu! Ee, Hakimu!" kama mtu anayemwita jirani ndani ya nyumba inayoungua. Hakujua afanye nini zaidi, akafanya alichokijua: akakimbilia bombani na kuongeza maji.

Mama Mapacha aliporudi, nywele zimesukwa vizuri, alisimama mlangoni. Akasema, "Ah!"

Lakini haikuwa ile aliyoitamani. Alikwenda moja kwa moja mezani, akatumbukiza kidole, akakinusa. Hakimu alikuwa amelala ubavu, pezi moja likipepea kidogo, halafu lisipepee. Mama Mapacha hakupiga kelele. Alimgeukia mumewe na kusema polepole, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali:

"Umemfua."

"Nilitaka..."

"Umemfua, Baba Mapacha. Umemfua samaki."

Walimzika jioni uani, chini ya nguzo ya kamba. Baba Mapacha hakujua aiweke wapi mikono yake, kwa hiyo aliwasha pasi na kunyoosha leso nyeupe. Ilikuwa kazi nzuri. Pembe zilikaa kama za bahasha mpya. Mkewe aliipokea, akamfunga samaki ndani yake.

"Tuombe?" aliuliza Baba Mapacha.

"Nitaomba mimi."

Alifumba macho, akainamisha kichwa. Maneno machache yalitoka, kisha kimya. Kimya kikawa kirefu, hata Baba Mapacha akadhani mambo yamekwisha, akasema kwa sauti, "Amina."

"Sijamaliza," mkewe alisema, bado amefumba macho.

Jumatatu Mama Mapacha hakwenda darasani. Mkoba wake wa daftari ulibaki umetundikwa kwenye msumari, na Jumanne ulikuwa bado pale. Alifanya kazi zake zote. Alipika, alikunja foronya, aliwajibu wateja. Ila jioni hakuketi popote. Alikwenda kulala na jua. Baba Mapacha, nyuma ya pazia lake na pasi mkononi, alizima redio ili asikie kama kuna chochote upande wa pili. Hakikuwepo. Tangi safi lilikaa juu ya meza, kavu, na kila alipolipita alijiona ndani yake.

Jambo lililomkosesha raha zaidi lilikuwa Jumapili iliyokuwa inakuja. Kikundi cha sala cha mtaa hukutana kwa zamu nyumbani kwa watu, na Jumapili hiyo zamu ilikuwa yao. Mwezi mmoja kabla, Mama Mapacha alikuwa amenyoosha mkono mbele ya kikundi kizima na kusema, "Ikiwa kwetu, nitasoma mimi." Watu walimpigia makofi. Hakuwahi kusoma mbele za watu maisha yake yote, kwa sababu alikuwa ameanza kujifunza herufi akiwa tayari bibi wa wajukuu. Sasa mkoba uko msumarini, na siku zinakwenda.

Fundi Viatu, ambaye kibanda chake kinatazamana na mlango wa dobi, hakuacha habari ipoe.

"Dobi! Nasikia umemuua hakimu!"

"Punguza sauti, bwana. Watu wanasikia."

"Wasikie! Sasa kesi yako nani ataiamua? Na rufaa utapeleka wapi, kwa nyangumi?"

Baba Mapacha alicheka kwa mdomo tu. Fundi Viatu alimwona, akaacha kugonga soli. Hakuwa mtu mbaya. "Haya, pole," alisema. "Ni kiumbe wa Mungu yule. Sikiliza, mpelekee paka. Mmoja kanizalia humu nyuma ya magunia. Mwanamke akishika paka, moyo unarudi."

Baba Mapacha alivuka barabara na mtoto wa paka ndani ya boksi la viatu. Mama Mapacha alifunua kifuniko, wakatazamana, yeye na paka.

"Mrudishe."

"Mbona ni mzuri?"

"Ni mzuri. Lakini tazama macho yake. Anakuangalia kama mtu anayejua utakosea wapi, anasubiri tu ufike."

Kesho yake mteja mmoja alimwahidi njiwa wawili. Mama Mapacha alitikisa kichwa. "Njiwa hawasikilizi. Ukisema neno moja wanajibu kumi, wote kwa pamoja, kama kikao cha mashemeji."

"Kobe je?"

"Kobe ukifungua mdomo tu, anaingiza kichwa ndani. Nitazungumza na mgongo?"

Ijumaa mdogo wake, yule msusi, alikuja kuwaona, akakaa kwenye kigoda na kuvua viatu. Alikuwa na wazo lake. "Dada, chukua kasuku. Kasuku ana akili kama mtu."

"Kasuku!" Mama Mapacha aliachia foronya aliyokuwa anaikunja. "Ameze makosa yangu yote, halafu ayatapike mbele ya wageni?"

"Makosa gani?" Baba Mapacha aliuliza kutoka kwenye meza ya pasi.

Msusi alimtazama dada yake. "Hajui?"

"Ajue nini? Alikuwa upande wa pili wa pazia mwaka mzima."

"Shemeji," msusi alisema, akigeuka kwenye kigoda, "dada alikuwa anasoma. Kila alichofundishwa darasani, alikuja kumsomea Hakimu. Mistari ya Jumapili hii ndiyo aliyokuwa anamsomea tangu mwezi uliopita. Wewe ulidhani anafanya nini pale?"

Baba Mapacha aliisimamisha pasi wima. "Alikuwa anasoma," alirudia. Kisha akamtazama mkewe. "Sasa kwa nini hukunisomea mimi?"

Mama Mapacha aliokota foronya, akaikung'uta, akaanza kuikunja upya. "Nilikusomea," alisema. "Mara moja."

Ilimbidi aitafute kichwani hiyo mara moja. Alipoipata, alitamani asingeipata. Ilikuwa wiki ya kwanza ya darasa. Mkewe alikuja akasimama hapo hapo mbele ya meza ya pasi, uso umewaka kwa furaha, pakiti ya sabuni mkononi na kidole chini ya maandishi. Akaanza kuvuta silabi moja, akaiachia, akavuta ya pili, akarudi kwenye ya kwanza. Baba Mapacha alicheka mpaka akaweka pasi chini. Akasema, "Unalia kama gari bovu linalogoma kuwaka asubuhi!" Na kesho yake akawasimulia wateja. Fundi Viatu akajifunza kuigiza: kikohozi cha injini, kinavuta, kinazima, kinavuta. Hata leo, Mama Mapacha akipita na mkoba wake, mara moja moja kikohozi hicho husikika kutoka kibandani, na mtaa hucheka.

"Lakini ulicheka na wewe," Baba Mapacha alisema.

"Ulitaka nilie mbele ya wateja?"

Msusi aliinamisha kichwa, akajishughulisha na kamba ya kiatu. Nje mtu alipita akipiga mluzi.

"Hakimu hakucheka hata siku moja," Mama Mapacha aliendelea, na sauti yake ilikuwa haina hasira, jambo lililokuwa baya zaidi. "Nikikwama, alingoja. Midomo yake inacheza cheza, kama na yeye analitafuta neno lile lile. Nikilipata, anakwenda kuzunguka tangi, anarudi. Basi naanza mstari mwingine." Akaweka foronya juu ya zile nyingine. "Ni mnyama tu. Najua. Msinione mjinga."

"Hakuna aliyekuona mjinga, dada."

Baba Mapacha alitoka uani. Alisimama kati ya kamba tupu, akajaribu kuomba. Alikuwa ameomba wiki nzima asamehewe kwa ajili ya samaki, na Mungu anajua aliomba kwa moyo. Lakini sasa kila alipofika kwenye samaki, maneno hayakukaa. Yaliteleza, yakaangukia kwenye pakiti ya sabuni, na kwenye kitufe cha redio alichokuwa anakizungusha kwa mkono wake mwenyewe, jioni baada ya jioni, mwaka mzima, mkewe akiwa hatua chache tu kutoka kwake, anahangaika na neno. Hakumaliza sala hiyo. Aliiacha mikononi mwa Bwana ilivyo, haijanyooshwa.

Jumamosi alikwenda sokoni, kwa muuza samaki wa mapambo. Matangi yalipangwa mpaka darini, na katika la chini kabisa alimwona: rangi ya chungwa, baka jeupe mgongoni. Baka lilikuwa kubwa kidogo, lakini mtu asiyejua asingejua. Muuzaji alishika wavu. "Nimchote?"

Baba Mapacha aliitazama mikono yake. Ilikuwa na ngozi ngumu, safi, iliyochujuka kwa sabuni ya miaka yote ile.

"Usimchote," alisema. "Nipe hayo majani tu."

Alirudi nyumbani na bua moja la majani ya maji ndani ya mfuko wa plastiki. Akaliweka mbele ya mkewe.

"Nimemwona mwingine. Mwenye baka. Sikumchukua."

"Kwa nini?"

"Nimeiogopa mikono yangu."

Mama Mapacha aligeuka, akamtazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama hivyo tangu ile Jumamosi. "Umefanya vizuri," alisema. "Nisingemtaka. Ningekuwa kila nikimwangalia naona yule aliyetangulia."

"Basi utafuga nini, Mama Mapacha? Niambie. Hata ukitaka mbuzi nitamtafuta."

"Mbuzi ale mashati ya watu?" Karibu acheke. Akauchukua mfuko, akauinua dirishani, akaligeuza lile bua huku na huku. "Nitafuga maji kwanza."

"Maji?"

"Maji. Yaliyolala. Na hili jani. Yakae mpaka yawe maji ya kuishi mtu. Halafu ndipo nitajua kama nataka samaki tena."

Siku hiyo hiyo alileta ndoo iliyokuwa imelala, akamimina taratibu, akachomeka bua kati ya kokoto. Baba Mapacha alisimama pembeni, mikono nyuma.

"Kioo kitaota utelezi," alisema.

"Kiote."

"Na kokoto zitarudi kuwa na yale manyoya."

"Zirudi."

Ilikuwa kama kuambiwa amrudishie mteja shati lenye doa kolani. "Na kesho?" aliuliza. "Kikundi?"

"Nitawaambia watafute msomaji mwingine."

"Lakini walikwisha kukutaja."

"Walinitaja nikiwa na wa kunisikiliza." Akafuta matone mezani kwa kiganja na kuingia jikoni.

Jumapili alasiri sebule ilijaa. Mabenchi yaliazimwa kwa jirani, watoto walikaa mkekani, na Fundi Viatu, aliyevaa shati ambalo Baba Mapacha mwenyewe alilipiga pasi asubuhi, alipata nafasi karibu na mlango. Msusi alikaa mbele. Waliimba, waliomba, waliimba tena. Kisha Mama Mwenyekiti, mkunga mstaafu mwenye sauti ya kuamsha wodi, akafungua Kitabu mahali palipowekwa utepe.

"Leo msomaji wetu ni mwenye nyumba," alisema, na kabla Mama Mapacha hajafungua mdomo kukataa, Kitabu kilikuwa kimeshawekwa mikononi mwake.

Alisimama nacho. Baba Mapacha aliona kidole chake kikitafuta mstari, kikaupata. Labda macho yalikwisha kuyazoea maneno yale. Labda ulikuwa msaada wa juu. Alianza. Mstari wa kwanza ulitoka wote, mwembamba lakini mzima. Msusi alishika magoti yake. Mstari wa pili ulianza vizuri, kisha likaja neno refu. Alilivuta, likakatika. Akarudi nyuma, akalivuta tena.

Kutoka mlangoni kikasikika kikohozi.

Huenda kilikuwa kikohozi cha kweli. Fundi Viatu mwenyewe alishtuka na kujifunika mdomo. Lakini mtaa mzima ulikijua kikohozi kile. Bega moja lilitikisika, halafu la pili, na kwenye mkeka mtoto akacheka waziwazi kwa sababu aliona wakubwa wanajizuia.

Mama Mapacha alifunga Kitabu, kidole bado kiko ndani. "Nimeishia hapo," alisema, na kuketi.

Mama Mwenyekiti alinyoosha mkono ampe mwingine. Baba Mapacha akajikuta amesimama.

"Mama Mwenyekiti, naomba neno."

"Wakati wa ushuhuda bado, baba."

"Si ushuhuda. Ni ahadi."

Kwenye meza kando ya pazia, tangi lilikuwa na maji yake na jani lake, na kwenye kona ya kioo lilikuwa limebaki doa la tone lililokauka. Alikuwa ameliona tangu asubuhi, na hakulifuta. Aligeukia mahali mkewe alipoketi, akaanza kusema, lakini sauti ilimtoka ndogo, ya mtu anayezungumza na kola ya shati lake.

"Sauti," Mama Mapacha alisema, bila kuinua kichwa. "Huko nyuma hawasikii."

Baba Mapacha alivuta pumzi, akasema kwa sauti anayomwitia mteja aliyesahau koti lake:

"Mke wangu, mbele ya Mungu na mbele ya hawa wote, na wewe Fundi Viatu ukiwemo, naahidi. Tangi lile sitaligusa. Likiota kijani, libaki kijani. Ukileta samaki, maji yake ni yako. Mimi nitachota jagi moja siku utakayoniambia, na nitakuuliza mara mbili kama ni moja. Usipomleta, sitakuletea kiumbe kingine kwenye boksi. Kuanzia kesho, ukitoka darasani, redio nitaizima, pasi nitaiweka chini, pazia nitalifunga juu, na nitaketi pale mbele ya tangi ulipokuwa unaketi. Nisomee. Ukikwama nitangoja. Sitacheka, sitakutajia neno usiponiomba, na Amina sitaisema mpaka wewe mwenyewe uniambie kwamba umemaliza."